Mwalimu Aliyesahihisha Karatasi ya Goti

Nimejua watu wengi wakaidi, na mimi mwenyewe si mtu wa kuambiwa jambo mara moja nikatikisa kichwa. Ningekuwa hivyo nisingekuwa na mashine mbili za kukoboa mpunga pale Ipinda kwa elimu yangu ya darasa la nne. Lakini mkaidi msomi, mkaidi mwenye vyeti ukutani, nimemjua mmoja tu. Nitamwita Mwalimu. Hata mkewe alimwita hivyo, na sidhani kama yupo mtu kati ya Ngonga na Ikolo aliyewahi kumwita kwa jina lake akaitika.

Ninachokumbuka kwanza ni miguu yake. Uso unakuja baadaye. Miguu mirefu, mikavu, soksi zimepandishwa mpaka chini ya magoti, kaptura ya kaki imepigwa pasi mpaka inakata. Asubuhi alipotukimbiza mchakamchaka alikimbia mbele yetu kinyumenyume, ili atuone nyuso na ajue nani anakimbia na nani anasingizia. Kinyumenyume, katika tope la Kyela, mvua ambayo haijui kupumzika! Na bado anaimba, na bado anataja majina.

"Mguu hauchoki!" alikuwa akipiga kelele. "Anayechoka ni mwenye mguu!"

Tulimwamini kwa sababu tulikuwa watoto. Leo ningemuuliza ni nani aliyemwambia upuuzi huo. Tena yeye alikuwa ameshakunywa chai na ndizi za kuchemsha, tulimnusa akipita, wakati sisi matumbo yetu yalikuwa matupu kama debe. Siku moja nilikaa chini katikati ya njia nikasema sikimbii tena. Akanichapa, kisha akawageukia wenzangu akawaambia, "Mtazameni vizuri. Huyu atakuwa mbeba mizigo."

Alipatia. Nilibeba mizigo. Nilibeba sukari, sabuni na vitenge kutoka upande wa Malawi, nikivuka mto Songwe maji ya kiuno, miaka ile ambayo ukiingia dukani Kyela unakuta muuza duka na rafu, basi. Kitu ambacho Mwalimu hakuwaambia wenzangu ni kwamba mzigo unaweza kujenga nyumba ya bati, ukanunua mashine, ukanunua pikapu. Wale walionicheka siku ile wengine nimewaajiri. Hilo nalisema bila kuona haya.

Biashara ilipofunguliwa, maduka ya mjini yakajaa mpaka barazani, matairi yakining'inia kama mikungu ya ndizi. Serikali yenyewe ikasema ruksa. Mwalimu hakusema ruksa. Alikuwa amestaafu, analima mpunga wake Ngonga, na kila alipoleta magunia kukoboa tulikuwa na salamu yetu.

"Ugonile, mlanguzi."

"Ndaga, Mwalimu. Shikamoo. Siku hizi tunaitwa wafanyabiashara."

"Jina limebadilika. Mkono ni uleule."

"Mkono huuhuu ndio unaokukobolea mpunga. Kaa basi, benchi lipo."

"Benchi ni la wagonjwa."

Akasimama. Saa mbili, saa tatu, foleni ikiwa ndefu, yeye wima kama nguzo ya bendera, anakagua mizani yangu kana kwamba ni daftari la mtoto. Na wateja wengine waliokaa wakaanza kuona aibu, mmoja mmoja wakasimama. Benchi langu la mninga likawa la kuku.

Hiyo chuki yake na viti sikuielewa kamwe. Nyumbani kwake kiti kizuri kilikuwa kimoja, kirefu, chenye mikono, na kazi yake ilikuwa kuwekea redio. Alikula amesimama dirishani. Barua aliandika amesimama, karatasi juu ya kabati. Alisema kukaa kunalegeza akili. Nilimjibu kwamba mimi nilivyokaa nyuma ya mizani nimepata akili za kutosha, akasema, "Hizo si akili, hizo ni hesabu."

Na baiskeli yake je? Alikuwa na baiskeli nzuri, nyeusi, kengele inang'aa. Miaka yote niliyomjua aliisukuma. Zamani alisema matairi hayapatikani, lazima yatunzwe, na hapo nakubali, tairi lilikuwa kitu cha kuombea kwa katibu kata. Lakini matairi yalipojaa madukani aliendelea kuisukuma. Ungemwona anatoka Ngonga mpaka Ipinda kwa miguu na baiskeli pembeni kama mtu aliyeongozana na ng'ombe wake. Nikamwambia, "Mwalimu, hicho chombo kinapandwa." Akasema anajua. Alimaliza kuzeeka bila kuikalia.

Kitu cha tatu ni kalamu nyekundu. Ilikaa mfuko wa shati, na kila kilichoandikwa kilipita chini yake. Tangazo la kanisani alilisahihisha likiwa bado limebandikwa mlangoni. Kibao changu cha mashine, nilichomlipa fundi rangi akaniandikia herufi kubwa za bluu, Mwalimu alikiwekea alama nyekundu sehemu mbili, mchana kweupe, watu wakicheka. Sikumshukuru. Nilipaka upya, lakini nilisubiri miezi mitatu asije akadhani ni kwa sababu yake.

Basi, mtu huyo akashikwa na magoti.

Na mimi nilishikwa kabla yake. Miaka ya gunia begani haipiti bure. Goti langu la kulia lilikuwa likilia kama mlango, asubuhi nashuka kitandani kama mtoto anayejifunza kutambaa. Nilikwenda hospitali moja huko milimani, wakanipiga picha, wakasema goti limesagika, ile nyama laini inayotenganisha mifupa imelika. Wakanichoma sindano ndani ya goti lenyewe. Halafu wakanipeleka kwa dada mmoja wa mazoezi, mfupi, sauti kama filimbi, ambaye hakujali nina mashine ngapi.

"Baba," aliniambia, "sindano imezima maumivu. Haijashona goti. Kwa hiyo goti likikwambia limepona, usilisikilize. Nisikilize mimi."

Nikamsikiliza. Siku mbili nilikaa, mpaka Ipinda nzima ikasema nimekufa. Siku ya tatu nikaanza: unakaa kwenye kiti kirefu, unanyoosha mguu mbele, unakaza paja, unahesabu kumi, unashusha polepole. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Ukifanya na goti likaendelea kuuma kwa zaidi ya saa mbili, jua umezidisha, kesho punguza. Mwezi wa pili akaniongezea zoezi la kusimama na kukaa kitini bila kushika kitu, nami nikajaza mchele kilo moja kwenye soksi nikaifunga kifundoni, nikawa nainua nyuma ya mizani mbele ya wateja. Walicheka. Mimi nikainua. Baada ya msimu mmoja nilikuwa naendesha baiskeli, kiti nimekiinua juu kama alivyosema, mpaka Ikolo na kurudi. Magunia sikugusa tena, nina watu wa kugusa magunia.

Kwa hiyo nilipomwona Mwalimu anakuja mashineni ameegemea ile baiskeli kama mkongojo, uso umekuwa wa majivu, nilijua anachokiona usiku na asubuhi. Bado hakukaa.

Mkewe ndiye aliyenifuata. Mama Mwalimu ni mwanamke mpole, mdogo wa umbo, na alikuwa amekonda. Aliniambia kwamba sasa anamwinua mumewe kitandani, anamshika mkono mpaka chooni, na chooni kwenyewe, choo chetu cha shimo cha kuchuchumaa, inabidi amshike kwapani.

"Mgongo wangu umekwisha, baba," alisema. "Akianguka na mimi, tutaokotwa wawili."

Nikamwagiza fundi seremala atengeneze kigoda chenye tundu, cha kuweka juu ya shimo, mtu akae kama mtu. Kazi safi, nimeilipia mwenyewe. Mwalimu alikitazama akauliza, "Mimi ni mfalme?" Kikaenda chini ya mti wa kakao, kuku wakatagia.

Mwishowe alikubali kwenda hospitali. Nilimpeleka kwa pikapu yangu, na sitadanganya, nilitaka apande akaone mbeba mizigo amefika wapi. Njia nzima ya kupanda milima hakusifia chochote. Alisema tu kwamba naendesha kama niliyeiba.

Wakampiga picha, wakamchoma. Dada wa mazoezi akampa maneno yaleyale, na kwa kuwa alimwona ni mtu wa kusoma, akampa na karatasi. Akamwambia mbele yangu na mbele ya mkewe, "Babu, siku mbili ni kitanda, kiti na choo. Basi. Kuchuchumaa hapana, kupiga magoti hapana, kukimbia hapana, tope la mpunga ndiyo hapana kabisa. Goti likivimba na kuwa la moto, au ukipata homa, uje siku hiyohiyo."

Mwalimu akaichukua karatasi, akatoa kalamu nyekundu.

Ninasema ukweli mtupu. Tukiwa bado hatujashuka milima alikuwa amesahihisha karatasi yote. Akanionyesha: hapa pameandikwa vibaya, hapa pamekosa nukta, hapa sentensi haina kichwa wala miguu. Alipofika nyumbani aliibandika ukutani pembeni ya vyeti. Aliijua kwa moyo. Ungemwamsha usingizini angekusomea kila zoezi na idadi yake. Kulifanya ndiko hakukuwa kwake. Alisema mazoezi ya kukaa kitini ni ya wazazi waliotoka kujifungua.

Siku ya tatu nikapita kumsabahi. Nikamkuta Mama Mwalimu uani anachemsha maji, macho mekundu.

"Goti limevimba kama boga," akasema.

"Limevimbaje? Si amelala?"

"Amesindikiza watu."

"Watu gani?"

"Waliokuja kumpa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya goti, baba."

Nilikaa chini kwenye kinu.

Kwetu mgeni haagwi mlangoni. Unatoka naye, mnatembea, mnafika njia panda, mnasimama mnaongea yale mliyoyasahau ndani, na ukimheshimu zaidi unasogea naye mbele kidogo. Ni desturi nzuri, sina neno nayo. Sasa habari zilikuwa zimetembea kwamba Mwalimu amechomwa sindano ndefu kama mwiko ndani ya goti na hakulia, na nusu ya nchi hii ni wanafunzi wake. Walikuja. Huyu na kuku, yule na chane ya ndizi, mwingine na mchele. Na Mwalimu, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akiwaaga watu akiwa ameshikilia fremu ya mlango, aibu ikimla, akasimama akasikia hakuna kitu kinachouma. Hakuna! Akamtoa wa kwanza mpaka barabarani. Akarudi akamkuta wa pili. Akamtoa. Kutwa nzima aliendelea hivyo, na kesho yake tena. Alimfikisha Mchungaji mpaka darajani. Alimsindikiza na mwanafunzi wake mmoja wa zamani, sasa bwana shamba, kupitia shambani, amwonyeshe mbegu mpya, na huko Mwalimu akaingia kwenye tope la mpunga mpaka muundi. Tope likashika mguu, mwili ukageuka, mguu haukugeuka.

Niliingia ndani. Alikuwa kitandani, goti juu ya mto.

"Karatasi ilisemaje, Mwalimu?"

"Ilisema nipumzike. Haikusema mgeni aachwe kama mwizi."

"Ilisema kitanda, kiti na choo!"

"Sentensi ile haikuwa na kitenzi."

Nikasahau heshima, na sijutii. Nikamwambia, "Mimi uliniita mbeba mizigo mbele ya wenzangu. Mimi huyo mbeba mizigo nilikaa siku mbili kama gunia, nikainua mguu mbele ya watu wakinicheka, leo napanda baiskeli mpaka Ikolo. Wewe una vyeti vitano ukutani na goti kama boga. Nani kati yetu anajua kusoma?"

Akageuzia uso ukutani. "Mlanguzi," akasema, lakini kwa sauti ndogo.

Goti likawa la moto. Tukamrudisha milimani siku hiyohiyo, kwenye pikapu, na safari hii hakusema lolote kuhusu udereva wangu. Walivuta maji ndani ya goti, wakayatazama, wakasema bahati yake hayajaoza. Dada wa mazoezi akaja akasimama miguuni pa kitanda, mfupi hivyohivyo, mikono kiunoni.

"Nilikuambia goti litakudanganya. Likakudanganya."

"Nichomeni nyingine," Mwalimu akasema.

"Hakuna nyingine sasa. Zikifuatana zinakula goti lenyewe. Itapita miezi kwanza." Akamshika paja kama mtu anayepima muhogo sokoni. "Ona hili paja. Limekuwa fimbo. Goti linabebwa na paja, babu, na paja halijazwi kwa sindano. Usipolijaza wewe, ni magongo. Na baada ya magongo ni kitanda." Kisha akamgeukia Mama Mwalimu, aliyekuwa ameinama anakunja shuka. "Na huyu bibi, atakubeba mpaka lini?"

Mwalimu akamtazama mkewe.

Mkewe hakumtazama. Alimaliza kukunja shuka, akaiweka, akaichukua, akaikunja upya.

Hadithi hiyo niliieneza, kila gunia lililoingia mashineni lilitoka nayo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu: Mwalimu kasindikiza pole ya goti. Wengine walikuwa haohao waliosindikizwa. Nikawauliza, na ninyi mlipoona mgonjwa anatoka nanyi njiani hamkumrudisha? Wakasema wasingeweza, ingekuwa kumdharau. Nikaona hapa hakuna mwenye akili zaidi ya mwenzake, ila mimi na yule dada mfupi.

Msimu mzima sikwenda kwake. Mashine zilikuwa na kazi, na kusema kweli nilikuwa nimemchoka. Nilisikia tu kwamba yuko nyumbani, haonekani. Nikajua ni magongo. Kuna siku niliwaza nimnunulie kabisa, mazuri, ya chuma, nimpelekee mbele ya watu.

Nilikwenda baada ya mavuno, bila magongo, kwa sababu Mama Mwalimu aliagiza niwapitie. Nilimkuta Mwalimu sebuleni, na siku hiyo redio ilikuwa sakafuni. Amekaa. Kwenye kile kiti kirefu, mgongo wima, soksi zimepandishwa. Alikuwa amedhoofu usoni, mvi zimemaliza kichwa. Mchungaji naye alikuwepo, amemaliza chai, anashika kofia ya kuondoka.

"Haya, Mwalimu, ngoja nifike njiani," Mchungaji akasema, akasimama, akangoja, kama tunavyongoja.

Mwalimu akakunja mikono kifuani. Akainama mbele kidogo, akasimama. Bila kushika kiti, bila kushika mtu. Polepole, miguu inatetemeka, meno yameumana, lakini alisimama mpaka akanyooka. Mama Mwalimu alikuwa mlangoni na sinia mikononi, na hakusogea kumshika.

Mchungaji akafurahi. Akavaa kofia, akatangulia mlangoni, akamgeukia ili watoke pamoja.

Mwalimu akakaa.

"Saba," akasema.

Mchungaji akabaki mlangoni. Mwalimu akasimama tena, Mchungaji akasogea hatua tena, Mwalimu akakaa tena. "Nane. Nenda na amani, Mchungaji. Njia unaijua."

Nimeona watu wakitukanwa mnadani, nimeona mtu akipokonywa mke mbele ya ukumbi, lakini uso wa Mchungaji ule sijauona tena. Alitoka peke yake, akageuka mara mbili uani kuhakikisha. Nilicheka mpaka nikajifuta machozi.

"Na wewe, mlanguzi, unacheka nini?" Mwalimu akasema, anahema. "Hii ya kusimama wewe unafanya ngapi?"

"Kumi na tano. Na mchele kifundoni."

"Mchele unauweka kwenye mguu ulionyooshwa. Kwenye zoezi la kusimama hauwekwi. Hukusoma karatasi." Akavuta pumzi. "Tisa."

Nilikaa mpaka akamaliza. Hakufika kumi na tano, alifika kumi na mbili, na goti lile halikuwa la kurudi shambani, hilo mtoto angeliona. Lakini alipotaka kwenda uani alikwenda mwenyewe, na fimbo, akarudi mwenyewe, na mkewe wakati huo alikuwa amekaa jikoni anakula, amenyoosha miguu, bila kunyanyua shingo kumtazama.

Nikaaga. Nikasimama kidogo mlangoni, mazoea tu, unajua. Hakuinuka.

Nikaenda barabarani peke yangu, mtu mwenye mashine mbili na pikapu, kama muuza karanga.